Mkato wa Pili

Wapigaji wa gitaa la umeme wana ugomvi wao wa siku nyingi, nao ni juu ya umbo. Gitaa moja huwa limekatwa upande mmoja tu, pale bega la chini linapokutana na shingo, ili mkono upate kupenya kuzifikia sauti za juu. Jingine limekatwa pande zote mbili, chini na juu, hata likaota pembe mbili kama kichwa cha mbuzi. La kwanza na tuliite gitaa la mkato mmoja, na la pili gitaa la mikato miwili. Watetezi wa la kwanza husema kwamba ubao uliobaki ndio uipao sauti unene na kudumu. Watetezi wa la pili hujibu kwamba unene wa sauti haumfai mtu ambaye mkono wake umezuiliwa mlangoni. Nimeusikia ugomvi huu Masasi, nikausikia Dar es Salaam, na juzi nimeusikia tena kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa nilipoanza kuusikia. Nami ninayo sababu ya kuuingilia, kwani nimepata kulipiga gitaa moja lile lile likiwa na mkato mmoja, kisha likiwa na mikato miwili. Sidhani kwamba ni wengi waliopata bahati hiyo, kama kweli ni bahati.

Gitaa lenyewe lilikuwa la mjomba wangu. Wageni hudhani kila Mmakonde ni mchongaji wa vinyago. Mjomba alikuwa seremala wa milango, vitanda na madawati ya shule, na maisha yake yote hakuchonga kinyago hata kimoja. Alikwenda Dar es Salaam angali kijana, akapiga gitaa katika bendi moja kwa miaka kadhaa, na alipoachana nayo mwaka 1984 alipewa gitaa badala ya mishahara aliyokuwa akidai. Hakupata kusema kama alijiona amelipwa au amedhulumiwa. Lilikuwa gitaa lililoundwa kwa kuiga Telecaster ya Marekani, bila jina la heshima kichwani, rangi yake ya manjano imechujuka pale kiwiko kilipokuwa kikiegemea. Akarudi nalo Newala. Kwetu, kama ilivyo kwa jirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mpwa humhusu mjomba kwa namna ambayo hata mtoto wa kumzaa pengine hamhusu. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu litarudi.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali pa upepo na ukungu, ambapo nchi hukatika ghafula. Mtu asimamapo kwenye Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini ya miguu yake, na ng'ambo yake Msumbiji. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katika nchi ya tambarare iliyosimamiwa na vilima vya mawe, Mtandi na Mkomaindo na wenziwe. Ni safari ya kilomita zipatazo 70, ambayo siku zile ilikuwa ya vumbi au ya matope, kwa kadiri ya mwezi. Mimi nilikuwa nikisoma Masasi. Msimu wa korosho ulipofika, kuanzia Oktoba, na fedha zikaonekana mikononi mwa watu, mjomba aliteremka na gitaa lake, tukakusanyika vijana na wazee wachache, tukapiga dansi katika ukumbi wenye jenereta. Bendi yetu haikuwa na jina lililodumu kupita msimu mmoja. Vidole vya mjomba vilikuwa vimekwisha anza kukazika kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1990 akanikabidhi mimi kazi ya solo pamoja na gitaa lake. Yeye akashika ridhimu kwa gitaa la kuazima.

Hapo ndipo bega la gitaa lilipoanza kunitesa. Muziki wa dansi tuliolelewa nao, ule wa Mbaraka Mwinshehe aliyefariki Januari 1979 na ambaye redio haikukubali afe, una desturi yake: wimbo huanza taratibu, waimbaji wakaeleza shida zao, kisha huja chemko, na katika chemko mpiga solo huihama nchi ya chini akapanda juu ya shingo, akipiga nyuzi mbili mbili kwa pamoja, wachezaji wakisahau kwamba wamechoka. Mpiga ridhimu aweza kumaliza maisha yake katika vyuma vitano vya kwanza vya shingo, vile waviitavyo fureti, asijue kama gitaa lake limekatwa mara moja, mara mbili, au halikukatwa kabisa. Mpiga solo hana raha hiyo. Fureti ya 12 ndiyo nusu ya uzi, pale sauti inapojirudia juu yake yenyewe. Na katika gitaa la namna ile shingo huingia mwilini kwenye fureti ya 16. Upande wa chini ulikuwa wazi, vidole vilipita. Upande wa juu ulikuwa na bega, na bega lile lilikizuia kidole gumba changu.

Naomba msomaji akiangalie kidole gumba, kwa maana ndicho kitu ambacho wabishi wengi hawakiangalii. Wako wapigaji waliofunzwa vema, ambao gumba lao hukaa nyuma ya shingo kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Hao mkato wa chini huwatosha, na wa juu kwao ni pambo. Wako na wengine, na ndio wengi katika sisi tuliojifunza kwa kutazama, ambao gumba lao hulipindukia shingo na kuchungulia juu, wameishika shingo kama mtu ashikavyo mpini wa jembe. Mpigaji wa namna hii hupanda vizuri mpaka afike begani, na hapo mkono wote hugeuka, kifundo hupinda, na sauti mbili za mwisho huzipata kwa maumivu au hazipati. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Usiku wa dansi ulipokwisha, mshipa wa gumba ulikuwa ukiniwaka mpaka asubuhi. Mjomba aliniona nikiukanda, asiseme neno.

Masika ya mwaka 1991 nilikuwa Newala kwa likizo. Asubuhi moja nikamkuta mjomba barazani, gitaa liko juu ya meza ya useremala, nyuzi zimefunguliwa, na shingo imetolewa na kuegemezwa ukutani. Alikuwa amekifungua kibati cha mbele akachungulia mashimo ya ndani ajue waya zinapopita. Hakuona waya begani. (Kama lingekuwa Les Paul asingeweza kufanya alilolifanya, kwa sababu gitaa lile lina swichi yake papo hapo begani.) Akachukua kifuniko cha sufuria, akakilaza juu ya bega, akapiga mstari wa kalamu.

Nikamwuliza, "Mjomba, na sauti ikiharibika?"

Akasema, "Sauti haikai begani, mpwa wangu."

"Inakaa wapi?"

Akazigonga sumaku mbili kwa ukucha. Kisha akanitaka niushike mwili wa gitaa usitikisike. Hatukuwa na gitaa jingine la solo, wala fedha ya kulinunua, na ubao ukishakatwa haurudi. Nikashika, nikageuza uso. Mwanawe mdogo, wa miaka mitano, alikuwa ameketi katika maranda akigonga kopo kwa kijiti kwa mkono wake wa kushoto. Bibi akapita, akamnyang'anya kijiti na kukitia katika mkono wa kulia, kama ilivyo ada. Mjomba akasema bila kuinua macho, "Mwache." Nalikumbuka neno hilo kwa sababu msumeno ulisimama alipolisema.

Tangu siku ile nimesoma kidogo juu ya magitaa haya, nami naweza kueleza kwa nini seremala yule hakukosea. Gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mtupu halisemi kwa tumbo lake kama lisemavyo gitaa la sanduku. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huzaa mkondo mdogo wa umeme katika waya, na mkondo huo ndio uendao katika amplifaya na kutoka katika spika. Ubao una neno lake, maana ndio unaozishika nyuzi katika ncha zake, lakini neno hilo ni dogo, na bega halimo miongoni mwa wasemaji wakubwa.

Ushahidi uko katika magitaa mashuhuri yenyewe. Mwaka 1951 Telecaster ya Fender ilipata jina lake, mwaka 1952 Gibson wakatoa Les Paul, na yote mawili ni ya mkato mmoja. Kama mkato ndio uzaao ladha ya sauti, hayo yangekuwa ndugu. Nayo sivyo: Telecaster ni kali na nyembamba, yachoma kama pilipili mbichi, Les Paul ni nene, na tangu mwaka 1957, ilipotiwa sumaku za waya mbili zilizobuniwa na Seth Lover ili kuua mvumo, imezidi kuwa nene. Kisha mwaka 1961 Gibson hao hao waliivua Les Paul umbo lake, wakaipa mikato miwili na mwili mwembamba, likawa gitaa ambalo baadaye liliitwa SG. Sumaku zilibaki za namna ile ile. Mwenye kuisikia SG husikia ukoo wa Les Paul. Hasikii Stratocaster, ambayo nayo ina mikato miwili tangu mwaka 1954. Ongeza hapo urefu wa uzi, ambao kwa Fender ni milimita 648 na kwa Gibson zipatazo 628, na uzi mrefu huhitaji kukazwa zaidi ili utoe sauti ile ile. Ongeza shingo iliyofungwa kwa skrubu na shingo iliyogundishwa. Mtu anayeziweka Les Paul na Stratocaster ubavu kwa ubavu, kisha akasema amelinganisha mkato mmoja na mikato miwili, amelinganisha mambo matano na kulitaja moja.

Nasi tulikuwa na ushahidi wetu mdogo. Mwaka 1990 mtu mmoja alitunasa kwa redio kaseti ukumbini Masasi, na mwaka 1991, baada ya msumeno, akatunasa tena kwa redio ile ile na wimbo ule ule. Nimeziweka kaseti hizo mbili, na mara nyingi nimempa dada yangu azitie yeye, mimi nikiwa nimeupa ukuta uso. Kwa ladha ya sauti sikupata kuzitambua kwa hakika hata mara moja. Kaseti si chombo cha mahakama, najua. Lakini nchi hii imezoea kunaswa kwa vyombo vinyonge tangu mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipopita Masasi na Newala na fonografu yake ya nta, na wataalamu bado wanashukuru. Niseme kweli yote: kaseti hizo nilizitambua kwa jambo jingine. Katika ile ya pili solo hupanda mapema na haiteremki.

Nililewa uhuru. Gumba lilipita kama maji, nikaziona fureti zote mpaka ya 21, nikawa siwezi kukaa chini. Mpiga besi alilalamika kwamba amebaki peke yake nyumbani. Mjomba alinivumilia msimu mzima, kisha akaniambia, "Umetobolewa mlango, nawe umehama nyumba." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale wazee wa mkato mmoja husikia kitu cha kweli wanaposema gitaa lao ni nene, ila hawajui kinakotoka. Bega lile humrudisha mpigaji. Humlazimisha ajenge wimbo katika fureti za kati, ambako uzi ni mrefu na sauti ina nyama, apande juu pale tu anapokuwa na haja ya kupanda. Masikio husikia unene, mtu akausifu ubao.

Juu ya raha ya mwili nitasema machache, maana mengi ni ya kila mtu na kimo chake. Watu huuliza gitaa lipi ni zito. Mama yangu, ambaye kabla ya mabomba alikuwa akiteremka bondeni kufuata maji na kuupanda tena ukingo wa Newala na ndoo kichwani, angewaambia kwamba swali hilo ni la mtu asiyebeba: uzito unaotulia si mzigo, mzigo ni uzito unaotafuta kuanguka. Les Paul ni nzito, pengine kilo nne na zaidi, lakini mwili wake huipinga shingo. SG ni nyepesi, na shingo yake hutaka kushuka, mkono wa kushoto ukawa na kazi mbili. Stratocaster ilifanyiwa ujanja mzuri: pembe yake ya juu ni ndefu, mkanda hufungwa mbele karibu na fureti ya 12, na gitaa likatulia, tena mwili wake umechongwa ubavuni na pale kiwiko kinapolala. Gitaa letu lilipokatwa lilipungua uzito kidogo na pembe yake ilikuwa fupi, basi shingo ikaanza kuinama. Mjomba akaliponya kwa mkanda mpana wa ngozi, upande wa manyoya ukiwa ndani ili ushike shati.

Kishikizo cha mkanda alikihamishia katika pembe mpya ya juu. Lakini katika pembe ya chini nako palikuwa na tundu, la upana ule ule, lililozibwa kwa kigingi cha mpingo alichopewa na wachongaji waliotoka ng'ambo ya Ruvuma. (Mpingo ni Dalbergia, ukoo mmoja na miti inayotiwa katika shingo za magitaa mengi duniani.) Kwa zaidi ya miaka 20 nililihesabu tundu lile kuwa ni kosa la keekee, nikalistahi kama mtu astahivyo kosa la mkubwa wake.

Mjomba alifariki mwaka 2014. Baada ya arobaini, shamba la mikorosho liligawiwa kwa sheria ya dini, watoto wakapata haki zao. Gitaa, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua thamani yake, liliachiwa mila, na mila ikalileta kwangu, mpwa. Binamu yangu, yule wa kopo na kijiti, hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kuwa mpigaji wa kinanda katika sherehe za harusi, Newala na Tandahimba. Gitaa alijaribu utotoni akaliacha. Yeye ni wa kushoto kabisa, na kinanda hakina kushoto wala kulia. Nilijiambia kwamba ndivyo ilivyo halali. Masasi watu hukumbuka kwamba Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wao tangu mwaka 1960 hadi 1968, ndiye aliyempatia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza huko Afrika Kusini, na kwamba Louis Armstrong naye alipeleka yake kwa vijana wale. Mimi nilisimuliwa habari hiyo kama habari ya baraka, nikajihesabu katika orodha hiyo bila kumwuliza mtu.

Pamoja na gitaa nililetewa kopo la kahawa, lenye nyuzi za akiba na skrubu. Sikulifungua mpaka mwaka jana, nilipotafuta uzi. Chini kabisa, katika kitambaa, palikuwa na kipande cha mfupa wa ng'ombe urefu wa sentimita nne, kimekatwa vijitundu sita. Nilikitambua: ni kizingiti, kile kikaacho kichwani mwa shingo na kuzipokea nyuzi. Nikadhani ni cha akiba. Kisha nikaona kwamba kitundu kipana, cha uzi mnene, kiko upande usio wake. Nikazilegeza nyuzi, nikakitoa kizingiti cha zamani ambacho mjomba alikichonga siku ile ya msumeno, nikaviweka viwili hivyo ncha kwa ncha juu ya meza. Mistari ya mfupa ikakutana. Vilikatwa katika mfupa mmoja.

Gitaa la mkato mmoja ukiligeuza kwa mtu wa kushoto, mkato huenda juu na bega zima likaja chini, mbele ya vidole vyake; halimfai. La mikato miwili hugeuka. Hendrix aliligeuza la Fender na dunia nzima ikaona. Nililijua hilo miaka mingi kama nijuavyo habari za vitabuni. Nikakitazama kigingi cha mpingo katika pembe ya chini.

Nilipanda basi la Newala siku ya tatu yake. Binamu alinipokea kwa utani, kama ilivyo baina yetu, akidai nimemletea deni. Hakuwa na haja ya maelezo marefu. Nilimpa kizingiti akakizungusha mara mbili mkononi, akanyamaza. Kigingi kilikataa kutoka, tukakitoboa. Tukabadili kizingiti, tukazipanga nyuzi kinyume, akajivika mkanda, na gitaa likakaa kifuani pake likiwa limegeuka, vitufe vya sauti vikiwa juu, chini ya mkono wake. Akapiga polepole, kama mtu asomaye barua ya mwandiko mbaya, akapanda. Mkono wa kulia ulipita pale msumeno ulipopita, bila kugusa kitu.

"Kaka," akasema, "hivi vitufe vinanichoma."

Tukatafuta kipande cha mpira wa baiskeli, tukavifunika.